Adapta ya Kurudi Nilipohitaji ya Kwenda

Nilifika Würzburg, Ujerumani, Jumapili moja ya mwezi wa Novemba saa nne usiku, simu yangu ikiwa imebakiwa na asilimia sita ya chaji na mume wangu akiwa macho Mwanza akisubiri kusikia kwamba nimefika salama. Nilikuwa nimekwenda kwa mafunzo ya wiki tatu katika mji huo, ambao ni mji dada wa Mwanza tangu mwaka 1966. Sikuwa na wasiwasi wowote kuhusu simu, kwa sababu siku mbili kabla ya safari nilipita Makoroboi, nikamweleza kijana mmoja muuzaji kwamba ninakwenda Ulaya na ninahitaji adapta, naye akapekua kwenye meza yake, akatoa moja nyeupe na kuniambia, “Dada, hii ndiyo ya Ulaya yenyewe.” Nikalipa na kuondoka bila hata kuitoa kwenye pakiti.

Niliifungua chumbani, nimekaa kitandani na koti bado nimelivaa. Upande mmoja ilikuwa na matundu mawili ya duara, na upande wa pili ilikuwa na pini tatu bapa kama za plagi zetu. Maana yake ni kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya Mjerumani anayekuja Mwanza, si kwa ajili ya mtu wa Mwanza anayekwenda Ujerumani. Nilimkasirikia yule kijana kwa muda mfupi, kisha hasira ikaisha nilipokumbuka kwamba karibu kila mteja anayemwendea anatafuta njia ya kuchomeka redio, blenda au chaja iliyoletwa kutoka nje ikiwa na plagi ya pini mbili. Aliniuzia kile anachoulizwa kila siku. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba plagi ni yetu na ukuta ndio wa Kizungu.

Ukuta wenyewe nao ulikuwa mgeni kwangu. Soketi ya Kijerumani imezama ndani ya kishimo cha duara. Ndani yake mna matundu mawili, na pembeni mna vibati viwili vya chuma, juu na chini, ambavyo ndivyo vinavyobeba kazi ya waya wa ethi, yaani ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini kifaa kikiharibika. Haina swichi. Nilipapasa ukuta mzima nikitafuta mahali pa kuwashia, kwa sababu kwetu mtu hufundishwa tangu utotoni kuzima soketi mvua ya radi inapoanza kuja kutoka ziwani, na chumba kisicho na swichi ya soketi kilinitia mashaka kama nyumba isiyo na komeo.

Kilichoniokoa usiku ule ni televisheni. Nyuma yake palikuwa na tundu la USB, na kwa bahati waya wa chaja yangu unachomoka kutoka kwenye kichwa chake, kwa hiyo nilichomeka ule waya peke yake na simu ikaanza kuchaji polepole. Tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 popote duniani, iwe Mwanza, Würzburg au ndani ya basi. Ila televisheni ile ilikuwa haitoi umeme ikizimwa, ikabidi niiache ikiwaka bila sauti, nikalala huku taarifa ya habari ya Kijerumani ikinimulika usoni.

Kesho yake nilikwenda dukani, na huko nikakutana na kichekesho cha pili. Ukuta mzima wa adapta za safari ulikuwa umepangwa kwa ajili ya Wajerumani wanaosafiri, na ile iliyoandikwa Uingereza, nchi ambayo plagi yake ndiyo yetu, ilikuwa ndugu pacha wa ile niliyoinunua Makoroboi. Kila duka huuza adapta za wenyeji wake. Anayesafiri kutoka Mwanza anapaswa kununua adapta yake kabla hajaondoka, na aijaribu dukani kwa kuchomeka plagi yake mwenyewe ndani yake, kwa sababu plagi yetu ikiingia barabara kwenye adapta, kinachobaki ni kutazama tu kama pini za upande wa pili zinafanana na soketi za kule aendako.

Hatimaye sikununua adapta kabisa. Nilinunua kichwa cha chaja chenye pini za kule, kwa ajili ya simu. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya ni lazima ziwe na tundu la USB-C, kwa hiyo vichwa vya namna hiyo vimejaa kila mahali. Kwa upande wa kompyuta mpakato, fundi wa ofisi tuliyofanyia mafunzo aliitazama chaja yangu, akauchomoa ule waya unaotoka ukutani hadi kwenye kile kijiboksi cheusi, akafungua droo na kunipa mwingine wenye plagi ya Kijerumani upande mmoja na kichwa kilekile chenye matundu matatu upande wa pili. Ulikaa sawasawa. Miaka yote nilikuwa sijatambua kwamba waya ule unachomoka, na kwamba kichwa chake kinafanana katika kompyuta nyingi duniani. Siku hizi nikienda mahali penye ofisi au chuo, huomba waya kwanza kabla ya kuhangaika na adapta.

Nieleze sasa jambo ambalo limewagharimu watu wa nyumbani kwetu fedha nyingi kuliko adapta. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu. Haigusi nguvu ya umeme unaopita ndani yake. Tanzania tunatumia volti 230 na hezi 50, na Ulaya karibu yote ni hivyohivyo, ndiyo maana pale Würzburg hata pasi yangu ingefanya kazi kama ningepata adapta ya kufaa. Marekani ni volti 120 na hezi 60, na Japani ni volti 100. Kabla ya kufunga sanduku, igeuze chaja yako na usome yale maandishi madogo ya kijivu ambayo hakuna anayeyasoma. Ukikuta neno INPUT likifuatiwa na 100–240V na 50/60Hz, chaja hiyo inakubali umeme wa karibu nchi yoyote, na chaja za simu, kompyuta na kamera nyingi za siku hizi ziko hivyo. Ukikuta namba moja tu, 120V au 230V, hapo adapta haitakusaidia.

Mama mdogo ana saluni Kirumba. Mwaka mmoja ndugu yetu anayeishi Marekani alimletea draya ya nywele, kubwa, ya rangi ya zambarau, yenye wati 1875 na pini mbili bapa, pamoja na kiadapta cha kuzigeuza ziwe pini mbili za duara. Soketi zetu zina vizuizi vya ndani vinavyofunguliwa na ile pini ndefu ya juu, ya ethi, na kila Mtanzania anajua jinsi ya kuvidanganya: msaidizi wa saluni alichukua kalamu, akaisukuma kwenye tundu la juu, akaipachika ile plagi pamoja na kiadapta chake kwa nguvu na kubonyeza swichi. Draya ilinguruma kama pikipiki. Mteja aliyekuwa ameketi alisema tu “Mama!”, na kabla hajainuka, waya wa ndani uliiva ukawa mwekundu, ikatoka harufu ya plastiki inayoungua, kisha umeme wa saluni nzima ukakatika.

Fundi alipokuja aliisoma ile draya, akasema, “Mama, hii imetengenezewa umeme mdogo.” Mama mdogo akamjibu, “Kwa hiyo umeme wetu sisi ni mkubwa kuliko wa Marekani?” Ni mkubwa, kwa maana ya volti, na hesabu yake ni kali kuliko mtu anavyodhani. Kifaa cha kupasha joto kikipewa volti karibu mara mbili hakitoi joto mara mbili. Kinatoa karibu mara nne, kwa sababu mkondo nao huongezeka. Draya ile ya wati 1875 ilitakiwa ghafla kufanya kazi ya wati zaidi ya 6800. Ukigeuza hesabu hiyohiyo, birika la wati 2000 ulilonunua Mwanza ukilipeleka Marekani litafanya kazi ya wati 540 hivi, na chai utaisubiri hadi hamu iishe. Zipo transfoma za kubadilisha volti, lakini inayoweza kubeba birika au draya ni nzito kuliko birika lenyewe, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuibeba. Vitu vya joto viache nyumbani.

Sisi wa ukanda wa ziwa tumejisahau kwa sababu majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wanatumia plagi moja nasi. Ukivuka kwenda Kisumu au Entebbe, chaja yako inaingia ukutani kana kwamba hujatoka Nyamagana. Ni urithi wa Mwingereza: plagi hii ya pini tatu bapa iliwekewa kanuni zake kwao mwaka 1947, wakati Tanganyika iko chini yake. Wajerumani walikwisha kuondolewa Mwanza mwaka 1916, wakatuachia jina la Bismarck juu ya jiwe, lakini si soketi. Ukipita Rusumo kuingia Rwanda, au ukienda Burundi, walikotawala Wabelgiji baadaye, utakuta zaidi matundu mawili ya duara, na hapo mfanyabiashara wa Mwanza aliyezoea Kisumu ndipo anapoanza kuuliza adapta hotelini. Dubai, Malaysia na Singapore ni plagi yetu. India wana pini tatu za duara, ambazo bado zipo katika baadhi ya majengo yetu ya zamani, na Afrika Kusini wana zinazofanana nazo ila ni nene zaidi. China ni pini bapa zisizofanana na zetu, lakini volti ni 220, kwa hiyo hakuna hatari kubwa.

Unaponunua adapta, iangalie kama ina sehemu ya ethi. Zile nyembamba za bei ndogo mara nyingi hazina; kwa chaja ya simu si neno, lakini kwa kifaa chenye mwili wa chuma ni hatari. Iangalie pia imeandikwa ampea ngapi, kwa kuwa nyingine hubeba 6 au 10 tu, wakati plagi yetu inaweza kuwa na fyuzi ya ampea 13 ndani yake. Mimi siku hizi hubeba adapta moja imara na ekstensheni fupi yenye soketi zetu nne, nikachomeka ekstensheni kwenye adapta, kisha simu mbili na kompyuta zikakaa juu yake. Kwa chaja inatosha kabisa. Pasi au birika usiviweke hapo.

Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba kibali ni wati-saa 100, na ile ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 hivi, kwa hiyo inapita. Hakikisha tu maandishi yake hayajafutika, maana afisa wa ukaguzi asipoyasoma anaweza kuichukua.

Ile adapta nyeupe ya Makoroboi nilirudi nayo. Sasa iko Kirumba, ambako mama mdogo ameletewa mashine ya kunyolea kutoka Uturuki, yenye pini mbili za duara. Siku ilipofika alinipigia simu niende saluni, akanipa mashine ikiwa bado kwenye boksi lake, akavaa miwani na kusimama pembeni yangu. “Nisomee kwanza hapo chini,” akasema, “kabla hawa watoto hawajachukua kalamu.” Ilikuwa imeandikwa 220–240V.