Paris kwa metro, tukimfuata Young Perez bondia wa Tunis

Ukishuka Bir-Hakeim, metro namba 6, karibu behewa zima linageukia mnara wa Eiffel, simu zishatoka mfukoni hata ngazi hawajamaliza kushuka. Mimi na shemeji tukageukia upande wa pili. Shemeji ni mtu wa Bukavu, kamuoa dada yangu, wanaishi huko vitongojini kaskazini mwa Paris, na nilimwambia Jumapili hii mnara hatuendi, namtafuta bondia. Akacheka, akasema bondia gani huyo anapatikana Jumapili asubuhi.

Bondia mwenyewe ni Messaoud Victor Perez, ulingoni wakimuita Young Perez, Muafrika mwenzetu kazaliwa Tunis 1911, Myahudi wa familia ya kimaskini, urefu hata mita moja na sentimita sitini hafiki. Kiukweli inaniuma kidogo kwamba sisi tunaobishana vijiweni usiku kucha kuhusu mabondia wetu Mwakinyo na Mandonga huyu jamaa hatumjui kabisa, wakati alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 20, na ni kutoka bara hili hili. Shujaa wake utotoni alikuwa Battling Siki, yule Msenegali aliyemlaza Georges Carpentier hapa hapa Paris 1922 mbele ya umati uliokuja kumuona akipigwa. Ukiwa dogo wa Tunis enzi za Wafaransa ukasikia mtu mweusi kamfumua kipenzi cha Ufaransa nzima, lazima na wewe uanze kurusha ngumi. Kaka yake Benjamin naye alikuwa bondia, Kid Perez, kwa hiyo ngumi zilikuwa ndani ya nyumba.

Sasa huku Bir-Hakeim tulikuwa tunatafuta ukumbi ambao haupo. Mtaa wa Nélaton, ukitokea boulevard de Grenelle pale metro inapopita juu ya nguzo za chuma, palikuwa na jengo kubwa la mbio za baiskeli za ndani, Vélodrome d'Hiver, wenyewe wanalifupisha Vél d'Hiv. 1931 promota wa Kimarekani Jeff Dickson akalikarabati akalipa jina Palais des Sports, na tarehe 24 Oktoba mwaka huo huo Perez akapanda ulingoni humo dhidi ya Frankie Genaro, Mmarekani, bingwa, tena mwenye dhahabu ya Olimpiki ya 1920. Uzito wa fly, kilo 50 na ushee. Genaro alikuwa mzoefu kuliko dogo kwa mbali sana, lakini raundi ya pili tu akala ngumi akakaa chini, refa akahesabu mpaka mwisho, kwisha habari. Perez alikuwa katimiza miaka 20 siku chache tu kabla ya hapo.

Jengo lilivunjwa 1959. Nilisimama nikijaribu kupiga hesabu ulingo ungekuwa upande gani, shemeji akaniita niende kuona bustani ndogo pale Nélaton, ina ukuta wa majina. Ni majina ya watoto. Zaidi ya watoto 4,000. Julai 1942 polisi wa Ufaransa, narudia polisi wa Ufaransa wenyewe kwa kuwafurahisha Wajerumani wa Hitler waliokuwa wameikalia Paris, walikamata Wayahudi kama 13,000 wa Paris na viunga vyake ndani ya siku mbili, na wale wenye watoto wakawajaza kwenye ukumbi huo huo, joto la Julai, paa la vioo limepakwa rangi kuzuia mwanga, vyoo havitoshi, maji ya kugombania, siku kadhaa. Ukumbi ule ule ambao miaka 11 nyuma watu walimshangilia Myahudi wa Tunis mpaka sauti zikakauka. Nilikuwa nimeyasoma yote mawili kabla, ila kila moja kivyake, la ngumi huku na la vita kule, pale ndipo yaliponikuta kwa pamoja na nikakosa la kusema.

Shemeji ndiye aliyevunja ukimya: "Miye napitaka hapa kila juma na kazi, sikujuaka kama kulipitika kitu."

Tukapanda tena namba 6 mpaka Place d'Italie, tukabadili namba 5 kwenda Bobigny, safari ndefu ya kutoka kusini mpaka nje kabisa kaskazini mashariki, kwa hiyo muda wa kumsimulia shemeji ulikuwepo. Nikamwambia baada ya ule ushindi Perez alirudi Tunis kapokewa kama timu iliyobeba kombe, mitaa imefurika, Waislamu na Wayahudi na Wataliano wote wanasema ni wetu. Paris nako maisha yakawa matamu kupita kiasi. Akawa na mchumba, Mireille Balin, mrembo wa sinema, na kuanzia hapo ukisoma habari zake utaona watu wengi wanamtupia lawama huyo dada kwamba ndiye aliyempotezea bondia wetu mazoezi. Mimi siiamini sana hiyo, bondia mwenye miaka 20 na hela mkononi na jiji kama hili hahitaji mwanamke wa kumpoteza, anajipoteza mwenyewe. Mkanda alikaa nao mwaka mmoja na siku chache tu, 31 Oktoba 1932 akaenda Manchester, Jackie Brown akammaliza raundi ya 13.

Halafu akapanda uzito akamfuata Panama Al Brown, bingwa wa bantam, mtu mrefu mno kwa uzito ule, mikono haiishi. Walipigana mara mbili kwa ajili ya mkanda 1934, mara ya kwanza Februari Palais des Sports, Perez akapoteza kwa pointi, mara ya pili Novemba mosi nyumbani kwao Tunis, mbele ya watu wake, akapigwa KO raundi ya kumi. Baada ya hapo akawa anapigana tu, huyu leo yule kesho, mpaka mwisho wa 1938 akaacha. Jumla mapambano zaidi ya 130. Vita ilipofika na Wajerumani wakaingia Paris 1940 yeye akabaki mjini. Septemba 1943 wakamkamata.

Ukifika Bobigny unapanda basi kwenda Drancy, ndiko walikokuwa wanafungiwa Wayahudi waliokamatwa, Perez akiwemo. Nilitegemea kukuta kambi, geti, nyaya, sasa unachokuta ni fleti. Cité de la Muette, jengo moja refu limezunguka pande tatu na kuacha uwanja katikati, na watu wanaishi humo mpaka leo, makazi ya bei nafuu, madirishani nguo, uwanjani baiskeli za watoto, mama mmoja na mifuko yake ya sokoni. Mbele kuna sanamu ya mawe na behewa moja la mizigo. Kuanzia Agosti 1941 fleti hizi, zikiwa hazijamalizika kujengwa, ziligeuzwa kambi, na zaidi ya watu 60,000 walitolewa hapa kupelekwa mashariki. Ng'ambo ya barabara kuna makumbusho, bure, ghorofa ya juu ina dirisha kubwa linaloangalia fleti moja kwa moja. Unasoma habari za kambi ukinyanyua macho unamuona mtu anavuta sigara dirishani kwake. Sikupenda kupiga picha pale. Shemeji alipiga.

Perez aliondoka 7 Oktoba 1943, msafara namba 60, watu 1,000. Kipindi hicho treni zilikuwa zinaanzia stesheni ya Bobigny siyo tena Le Bourget, nayo tukaipitia, jengo la zamani la stesheni na reli zimeota majani, wageni wanaruhusiwa.

Alikopelekwa ni Auschwitz, kambi za mauaji za Wanazi huko Poland, kambi ya tatu, Monowitz, kwenye kiwanda cha raba. Huko ma-SS, askari wa Hitler waliolinda kambi, walipenda ngumi, wakapanga mapambano ya wafungwa kama burudani, na bondia alipata supu ya ziada. Noah Klieger, kijana wa Strasbourg aliyekuja kuwa mwandishi wa habari Israel, alisimulia mwenyewe kwamba walipoulizwa nani bondia alinyoosha mkono wakati hajawahi kurusha ngumi maishani, na Perez na wenzake wakagundua mara moja, wakamfichia siri na kumsaidia. Klieger alipoteza mapambano yote ila supu alikunywa. Manusura wengine wamesimulia Perez akitoa chakula jikoni kwa siri kuwagawia wenzake. Januari 1945 Warusi walipokaribia, wafungwa wakatolewa kwa miguu kwenye theluji, na tarehe 22, wakiwa njiani pale Gleiwitz, mlinzi akampiga Perez risasi. Inasemekana alikuwa kabeba mkate wa kugawa. Tarehe 27 Warusi wakaingia Auschwitz. Alikuwa na miaka 33.

Njaa ilipouma tukarudi mjini mpaka Belleville, pale boulevard kuna vibanda vya Wayahudi wa Tunisia, tukaagiza fricassé, mkate uliokaangwa wenye samaki jodari, yai, zeituni na harissa ya kutoa machozi. Mzee wa meza ya pili akasikia jina Perez kwenye kiswahili chetu akageuka na kiti chake chote. Kwa kifaransa changu cha kuungaunga na shemeji akitafsiri nikaelewa kwamba baba yake alikuwepo uwanjani Tunis siku ile ya Al Brown, na kwamba hilo pambano halikupaswa kupangwa kabisa, ule urefu ni wizi. Nikamwambia mzee, uzito ni uzito, wote wawili walipima chini ya kilo 53 na nusu, urefu hausemi kitu. Akapiga meza. Akamuita mpishi kutoka jikoni aje aamue, mpishi akatoka na mikono imejaa unga, akasimama upande wa mzee kabla hata hajaambiwa ugomvi ni nini.