Guka na Meryl Streep

Juzi tulikwama kwenye jam ya Ngong Road, na binti yangu akasoma kibao cha matatu iliyokuwa mbele yetu. "Mama, Karen ni nani?" Nikamwambia kulikuwa na mama wa Denmark, Karen Blixen, aliyekuja 1914, akalima kahawa huko mbele, shamba likamshinda, akarudi kwao 1931. Akaridhika.

Mimi sikuridhika. Mnaokumbuka ile tasnifu yangu ya 2007 mnajua nilivyowachosha na mwanahistoria Patrick Wolfe: uvamizi wa walowezi ni muundo, si tukio, mlowezi anataka ardhi, mwenyeji aondoke. Tatizo ni kwamba hapa kwetu mlowezi alitaka ardhi, na alitaka pia mwenyeji abaki aipalilie. Hapo ndipo nilipokwama, nikabeba kompyuta na Out of Africa, ile filamu ya 1985 yenye Oscar saba ambamo Meryl Streep anaigiza huyo Karen, hadi kwa guka, babu yangu, Mutuini. Nilikuwa na sura nzima ya tasnifu inayosubiri hasira yake.

Guka alizaliwa upande wa Njoro, kwenye shamba la mzungu. Wazazi wake walikuwa skwota: sheria ya 1918 ilidai angalau siku 180 za kazi kwa mwaka, ndipo ulime kashamba kako na kufuga.

Hakukasirika. Ndege ilipopita juu ya flamingo alisema nchi hii ni nzuri kweli. Mibuni aliikagua kama nyapara. Kiwanda cha kahawa kikashika moto, muziki ukapanda, nikashika kalamu.

"Mwezi huo walilipwa?"

"Nani, guka?"

"Hao." Alikuwa akionyesha watu wa nyuma, wale ambao kamera iliwapita tu. Sikujua. Katika makala zote nilizosoma, sikukumbuka hata moja iliyouliza.

Halafu Streep akapiga magoti mbele ya gavana, katikati ya karamu ya wazungu, akiomba Wakikuyu wa shambani mwake wapewe ardhi.

"Rudisha."

Nikarudisha. Guka akasogeza kiti hadi magoti yake yakagusa meza. Streep akapiga magoti tena, wageni wakatazama tena.

"Rudisha."

Mara hii hakutazama hadi mwisho. "Mama alipiga hivyo kwa bwana shamba," akasema, "wakati wa kifagio, mbuzi walipokuwa wakiondolewa. Lakini hakuwa na gauni kama hili."

"Alirudishiwa?"

"Wawili."

Nikamuuliza kama haoni ajabu, mzungu kumwombea Mkikuyu ardhi ya Mkikuyu kwa mzungu mwingine.

"Naona. Lakini ameomba vizuri."

Hadi leo sijui kama alikuwa anamsifu.

Niliandika yote. Msimamizi wangu akadai fomu ya ridhaa: jina, mahali pa kuzaliwa, sahihi au dole gumba. Guka akaigeuzageuza ile karatasi. Ujana wake alitembea na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, ndani ya kibati, alama za vidole na majina ya waajiri humo humo.

"Mke wangu," akasema (nilipewa jina la cucu, mke wake), "hii nayo inavaliwa shingoni?"

Alitia dole gumba. Sura ya hasira niliiacha kama ilivyokuwa. Ndiyo iliyopata alama nzuri kuliko zote.