Viza ya Uingereza: Mjomba Analipa, Lakini Hahesabiki

Kwetu anayesomesha si lazima awe baba. Sekondari kalipa mjomba, chuo kalipa dada mkubwa, nauli ya ndege imechangwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Afisa wa viza ya masomo ya Uingereza hayo hayamhusu. Ukiacha wenye ufadhili rasmi, pesa anazozitaka ziwe kwenye akaunti yako, ya mzazi, au ya mlezi anayetambulika kisheria. Mjomba aliyekulea tangu darasa la pili hamo, labda uwe na karatasi ya mahakama.

Msimu wa maombi ukifika, mimi hapa Leicester, mji ulio nje ya London, nageuka dawati la maulizo, na swali hili la mjomba ndilo linaloongoza. Sheria zenyewe zimekazwa. Tangu Januari 2024 anayekuja kusoma uzamili wa kawaida wa darasani haji na mume, mke wala watoto. Novemba 2025 pesa za kujikimu zikapanda: pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London, 1,171 nje ya London, kwa miezi tisa. Kwa Leicester hiyo ni pauni 10,539, na juu yake ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa. Tozo ya afya iko pembeni, pauni 776 kwa mwaka. Kwa kozi ya mwaka mmoja jiandae na 1,164, maana viza yake huzidi miezi kumi na miwili. Unailipa siku ya kuomba, kwa hiyo usiichanganye na pesa za kuonyesha.

Njia iliyonyooka ni mjomba akuingizie pesa kwenye akaunti yako, zilale humo siku 28 mfululizo bila kupungua kiwango hata siku moja, na stetimenti isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 unapowasilisha ombi. Kijana mmoja alinitumia ya kwake niikague. Salio limetulia, mstari baada ya mstari, kufika siku ya kumi na tisa benki ikakata makato yake ya mwezi. Vishilingi vichache tu! Lakini alikuwa kaweka kiasi kilekile kinachotakiwa, hana hata akiba ya soda, basi siku zikaanza kuhesabiwa upya. Na thamani inapigwa kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha siku ya kuomba. Shilingi ikiteleza wiki hiyo, umeteleza nayo. Weka cha juu.

Mjomba aandike pia barua kwamba kakupa, hakukukopesha. Kama kauza kiwanja, mkataba wa mauzo uwepo. Utaulizwa, na siku hizi anayeuliza kwanza ni chuo chenyewe, kabla hakijakupa CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimekupa nafasi ya kusoma, ambayo bila hiyo huombi chochote. Wengi hulalamika kwamba vyuo vimekuwa na roho mbaya. Mimi nawaelewa: Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kushusha kiwango cha waombaji wa chuo kimoja wanaoruhusiwa kukataliwa viza, kutoka asilimia 10 hadi 5. Chuo hakitaki wewe uwe kwenye hiyo tano.

Wa akaunti ya baba, kazi yenu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rashidi Athumani, benki inasema Rashid A. Mtoro, na barua ya kuridhia utumie pesa zake kasaini kwa jina la tatu. Mtaani wote wanajua ni mzee mmoja, afisa atajuaje? Nendeni kwa wakili mkale kiapo cha majina mapema, na karatasi ya Kiswahili ipelekwe kwa mfasiri anayekubalika.

Mawakala wa mjini wanaokukodishia salio la mwezi mmoja, waacheni. Udanganyifu ukibainika unaweza kufungiwa miaka 10.

Kozi ya Septemba, pesa ziwe zimeshaingia mwanzoni mwa Juni. Kipimo cha kifua kikuu nacho kifanyike kwenye kituo kilichoidhinishwa, cheti chake kinadumu miezi sita. Majibu ya viza kwa kawaida ni wiki tatu. Na kwa kuwa kiwanja hakiuzwi kwa wiki moja, mjomba aambiwe tangu Machi.