Besi iliyochongwa kwa kipimo cha mkono wangu

Besi yangu, lile gitaa la sauti nzito, imekamilika, ninayo nyumbani, na kabla hamjaniuliza: hapana, haina sauti ya kimiujiza. Niliipeleka mazoezini, tukapiga nyimbo zetu zote, na hakuna mwenzangu aliyeinua kichwa. Mpiga dramu peke yake ndiye aliyesema neno, akitaka kujua kama nimebadilisha nyuzi. Nilicheka. Lakini tulipomaliza, bega la kushoto halikuwa likiniuma, na kifundo cha mkono kilikuwa kimetulia kabisa. Hicho ndicho nilichokilipia.

Vidole vyangu ni vifupi. Besi ya kawaida ina uzi wa inchi 34 kutoka kwenye nati, kile kijiti chenye mifereji kinachopokea nyuzi shingoni, hadi kwenye daraja linaloshika nyuzi upande wa mwili. Mtengenezaji magitaa wa Marekani, Leo Fender, alikitumia kipimo hicho kwenye besi yake iitwayo Precision Bass mwaka 1951, na watengenezaji wengi wamekishikilia mpaka leo. Kwa kipimo hicho, kutoka freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni) hadi ya nne kuna sentimita 13 hivi. Mwenye mkono mkubwa anazifunika bila kuwaza. Mimi nilikuwa nakimbiza mkono huku na huku, na kila nikinyoosha kidole kidogo, kifundo kinajikunja vibaya.

Kwa fundi nilienda na orodha ndefu ya mbao niliyoiokota mtandaoni. Mzee hakuitazama. Alinipa besi yake kuukuu, akasema, “Piga kitu chochote, binti yangu,” akavuta kigoda akakaa upande wa mkono wangu wa kushoto. Sikio lake sijui lilikuwa wapi. Macho yalikuwa kwenye kidole changu kidogo tu. Nilipomaliza akasema, “Hizi mbao zako tutazizungumza baadaye. Kwanza tutoe inchi mbili.”

Kwa hiyo yangu ni ya inchi 32. Ule mwanya wa freti ya kwanza hadi ya nne umepungua kwa karibu milimita 8, na msidharau milimita 8 mkiwa katikati ya wimbo wa kasi. Ila ukifupisha uzi na sauti ikabaki ileile, uzi unalegea. Kutoka inchi 34 kuja 32, mvuto unashuka kwa asilimia 11 hivi, na uzi mnene kabisa, ule wa E, ndio unaoanza kupwaya na kugongagonga freti. Dawa yake ni kuongeza unene. Seti niliyoizoea huwa na E ya 105, yaani unene wa inchi 0.105, mzee akaweka ya 110, na mvuto ukarudi karibu ulipokuwa. Nyuzi zilikuwa ndefu kupita kiasi ikabidi azikate, na hapo nikajifunza jambo: kwanza unaukunja uzi pembe kali karibu na pale utakapokata, ndipo unakata. Ukikata ulionyooka, ule waya uliozungushiwa nje unaweza kufumuka, na uzi mpya ukalia kama uliochoka.

Shingo ndiyo aliyoitolea jasho. Kabla ya kuichonga alinipa vipande vifupi vya mbao, havina nyuzi wala freti, kila kimoja na unene wake na mviringo wake wa nyuma, nivishike nikiwa nimefumba macho. Nilichagua chembamba zaidi. Akakiweka kando bila kubishana, akanirudishia baada ya kupiga soga kidogo, na safari hii kidole gumba hakikukipenda. Nikaangukia cha kati. Nyuma ya shingo hakuna vanishi, ni mafuta tu yaliyosuguliwa kwa msasa laini, kwa hiyo mkono ukitoka jasho haunati. Kingo za ubao wa freti amezipunguza makali mpaka zinahisi kama gitaa lililopigwa miaka mingi. Unapopandisha mkono kutoka chini hadi juu, hakuna ncha ya freti inayokukwaruza, na kwangu hapo ndipo kazi ya mkono inapojulikana.

Kuhusu bega: besi yangu ya zamani ilikuwa na ugonjwa wa kuzamisha shingo. Ukiiachia, kichwa kinaelekea sakafuni, kwa hiyo mkono wa kushoto unafanya kazi mbili, kupiga na kubeba. Mzee amerefusha pembe ya juu ya mwili ili kifungo cha mkanda kifike usawa wa freti ya 12, kisha akatumia mashine ndogo za kukazia nyuzi ili kichwa kiwe chepesi. Sasa naiachia mikono yote miwili na inabaki pale pale.

Na zile mbao? Ubao wa freti ni mpingo, mti uleule unaochongwa klarineti, mzito hata unazama majini. Mzee anaapa kwamba unaipa sauti ung’avu. Mimi naona uzi ukibanwa unakalia freti ya chuma, na pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, inanasa mtetemo wa uzi, kwa hiyo mpingo naupenda kwa sababu haulikiliki ovyo na ni mweusi wa kupendeza. Tumeshabishana juu ya hili mara nyingi, na hakuna aliyehama kambi.

Lawama yangu ni moja. Vitufe vya sauti na toni amevifanya mapacha kabisa, na kwenye jukwaa lenye giza nimeshazima toni nikidhani napunguza sauti. Nitamrudia akikagua shingo, kwa sababu mbao mpya hucheza kidogo zikishavutwa na nyuzi, na kile chuma kilichomo ndani ya shingo kitahitaji kukazwa. Siku hiyohiyo abadilishe kitufe kimoja, kiwe na mikwaruzo ya kukishika gizani.