Kuni za Mfunguo Mosi

Mvua za El Niño zilianza kuipiga Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 1997. Vuli ikapitiliza, ikaingia mpaka Januari, mwezi ambao kwa kawaida jua linapasua utosi. Ramadhani ikatukuta tunaruka madimbwi Temeke nzima, na ndoa ya dada ilikuwa imeshapangwa mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwanzoni mwa Februari 1998. Kadi zimeshatoka, mbuzi wameshalipiwa. Kilichokosekana ni kuni.

Aliyezoea mtungi wa gesi anaweza kuliona hilo jambo dogo. Lakini pilau la harusi linataka moto wa namna mbili. Kwanza moto wa ndimi, wa kuchemsha nyama na kukaangia vitunguu kwenye sufuria ambalo mtoto angeweza kuogea. Halafu, wali ukishakauka maji, linataka makaa mazito ya kupalia juu ya mfuniko. Kuni mbichi hazikupi hiki wala kile. Zinakupa moshi, na moshi ukishaingia kwenye pilau hakuna bizari itakayouficha. Watu watakula, watashukuru, na wataanza kusema kabla hawajafika kwao.

Mjomba akapata mtu wa kuni kutoka njia ya Mkuranga. Alhamisi asubuhi pikapu ikasimama mlangoni, mzigo umepita kingo zake, kuni zote nyeusi kwa mvua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Ndizo hizi?"

"Ndizo. Kavu kabisa hizi, bibi, zimelowa mvua ya njiani tu."

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa amepikia watu tangu ujana wake, harusi, hitima na maulidi. Hakumbishia, maana neno lenyewe lingeweza kuwa kweli. Kuni iliyokauka mpaka moyoni ikinyeshewa, maji yanabaki juu juu. Iweke penye upepo siku mbili, inarudi. Mbichi ni habari nyingine. Maji yake ni ya mti wenyewe, yamo ndani kwenye nyuzi, na gogo lililokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake laweza kuwa maji. Moto utayachemsha hayo kwanza ndipo ukumbuke sufuria. Tatizo ni kwamba siku ya mvua zote mbili zinafanana kwa macho: nyeusi, zinateleza.

"Teremsha zote," Bibi akasema.

"Zote, bibi? Si uchague hapa hapa juu?"

"Za juu nimeshaziona. Umezipanga vizuri."

Akaletewa kigoda. Mimi nilikuwa darasa la sita, nikapewa kazi ya kumpa mojamoja. Alianza na vichwa vya kuni, pale msumeno ulipopita, kwa sababu maji ya mti hutokea zaidi huko kuliko ubavuni. Iliyokauka ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni. Zilizokuwa laini, rangi yake bado changa, aliziweka kushoto bila kusema neno. Kisha akawa anagonganisha mbili mbili. Kavu hulia ko!, kama inakuita. Mbichi hujibu du, na mkono unachoka. Ganda nalo alilichokonoa kwa ukucha: la kavu linabanduka, la mbichi limeng'ang'ania, na chini yake pana unyevu wa kijani.

Zilibaki za katikati, zisizoeleweka. Kwa hizo akanituma shoka.

"Chanja hiyo."

Nikachanja. Akachukua kipande, akaweka upande wa ndani kwenye shavu lake, akatulia. Akaniita, akakiweka kwenye shavu langu.

"Unasikiaje?"

"Baridi."

"Hayo ni maji. Huyu bwana anatuuzia maji kwa bei ya kuni."

Mwenye kuni akacheka, ila alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.

Baada ya hapo ikaja hesabu ya miti. Vigogo vya mnazi alivikataa vyote: vinakunywa maji na makaa yake ni ya kudanganyia. Mwembe aliukataa hata uliokuwa mkavu, kwa kuwa moshi wake unawasha macho na koo, na wapishi walikuwa wanakesha. Mkwaju, uliokuwa kidogo, moyo wake umekolea weusi, aliupokea kwa mikono miwili. Uliokuwa mwingi kuliko yote ni mkorosho, na karibu wote ulikuwa mbichi, gundi bado inang'aa kwenye vidonda vya matawi. Jamaa alitaka auchukue kwa bei ile ile. Wakavutana mpaka adhuhuri. Mwisho Bibi akalipia kavu kwa bei kamili, mkorosho kwa nusu, mwembe na mnazi vikarudi kwenye gari.

Kavu zenyewe hazikutosha. Mjomba akatumwa avuke na pantoni kwenda Kigamboni, kwa mtu aliyeangushiwa mivinje na upepo. Mimi bado naona huo ndio uliokuwa uamuzi wa akili kuliko wote, maana mvinje ni mti wa ajabu: unawaka kwa moto mkali hata kabla haujakauka sawasawa, na moshi wake si mwingi. Akarudi usiku na mvinje, pamoja na magunia mawili ya vifuu vya makaa ya kupalia.

Siku mbili zilizobaki zilikuwa za kugombana na hewa. Mvinje na kavu zilizolowa tulizichanja nyembamba, tukazipanga kwa kupishana juu ya matofali, chini ya paa la uani, ili upepo upite na mchwa wasipande. Mama, kwa hofu ya mvua, akaja akazizungushia nailoni pande zote. Bibi alipoiona akaivuta mwenyewe.

"Unazivundika? Zinazovundikwa ni ndizi. Funika juu, pembeni acha wazi."

Jumapili pilau liliiva. Fundi wa sufuria alilalamikia chumvi, nyama, vijana wa kuchota maji, mashemeji waliowahi kabla ya wakati, moto hakuutaja.

Ule mkorosho mbichi tuliuchanja ungali laini kwa shoka, ukapangwa ukutani upande unaopigwa na kusi. Ukakaa masika yote kichwa kimefunikwa, Juni upepo ukaanza kuufanyia kazi, na mwaka ulipokuwa unaisha, dada akiwa na mtoto na sisi tukijiandaa kwa akika, karamu ya kumchinjia mtoto mchanga, maganda yalikuwa yanadondoka yenyewe. Siku hizo yule bwana wa Mkuranga akapita na baiskeli, akasimama kuzitazama.

"Bibi, niuzie hizi. Nina mteja wa hitima kesho."

Bibi akamtajia bei. Akaguna.

"Lakini si mimi niliyekuuzia hizi?"

"Wewe uliniuzia maji. Kuni nimetengeneza mwenyewe."

Wakapatana kwa mizigo mitatu. Iliyobaki ikapika akika.