Siku Moja Maishani Mwangu: Kumchonga Sungura

Saa 1 asubuhi. Leo nachonga picha ya sungura kwenye ubao, ili niichape kwenye karatasi. Ubao kwanza. Nimechagua kipande cha mti uitwao boksi, mti mgumu wenye nyuzi laini, kidogo kuliko kiganja, kilichokatwa kukingama gogo hata uso wake ukawa ule wenye pete za umri. Nyuzi zimesimama wima, hivyo chuma hupita kokote bila kurarua. Ubao uliopasuliwa kwa urefu haunipi mstari mwembamba kama unywele. Naupaka wino mweusi mwepesi ili kila mkato uonekane mara moja.

Saa 2. Nanakili mchoro, nimeugeuza: sungura anayetazama kushoto kwenye ubao atatazama kulia kwenye karatasi.

Saa 3 hadi saa 7. Hapa ndipo penye kazi. Ubao umelala juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Mkono mmoja unasukuma kalamu ya chuma ya kuchongea, wa pili unauzungusha ubao. Mstari ukitakiwa kupinda, ubao ndio unaogeuka.

Naanza na jicho. Nakata nukta moja ya mwanga, kisha ukingo mwembamba, na hapo hapo ananitazama. Nikikosa jicho, siendelei. Manyoya mazuri hayamwokoi mnyama mwenye jicho lililokufa.

Ninachokata kitabaki cheupe, ninachoacha kitashika wino. Thomas Bewick wa Uingereza (1753–1828) aliwachonga wanyama na ndege wake hivyo, kwa mistari myeupe ndani ya weusi, na sijaona njia inayoyafaa manyoya kuliko hii. Usoni nachonga vinukta tupu. Shingoni mikato inarefuka: naingia juu juu, nazamisha kidogo mstari unenepe, kisha natoka taratibu ncha ichongoke. Mgongo siuzungushii mstari hata kidogo. Naacha nywele zenyewe ziingie kwenye giza la nyuma yake, kwa sababu sungura hai hana ukingo wa waya. Masikio ndiyo yananichukua muda mrefu zaidi, maana ngozi yake ni nyembamba na lazima mwanga uonekane ukipenya.

Saa 8. Majani machache miguuni, basi.

Saa 9. Natandaza wino wa mafuta kwenye kioo hadi rola ianze kutoa mlio mdogo wa kunata. Ukizidi, unaziba mikato yote ya asubuhi. Naupaka ubao wino kwa rola, nalaza karatasi nyembamba juu yake, nasugua kwa mgongo wa kijiko, naifunua kuanzia pembeni.

Saa 10. Kwenye chapa, bega la sungura bado zito kwa weusi. Nakata mikato michache zaidi, kwa uangalifu, maana mbao iliyoondoka hairudi, kisha napiga chapa nyingine. Sasa bega limeinuka, na uzito wa mwili wake unaonekana ukikaa juu ya miguu ya nyuma.

Saa 11. Napiga chapa za mwisho, naziandika namba kwa penseli, nazianika. Ubao naufuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Maji siyasogezi karibu, yataivimbisha mbao na kuharibu mistari.