Nzi wakijaa nyumbani, tafuta walikozaliwa

Kabla hujampiga nzi, mwangalie kwanza. Umbo lake na mahali alipotua vitakuonyesha alikotoka, na huko ndiko kwenye kazi. Anayekimbilia kopo la dawa huua waliokomaa tu. Wadogo wao wangali kwenye uchafu wakingoja zamu, na baada ya siku mbili tatu meza imejaa tena.

Nzi wawili watatu wanaoingia mlangoni ukikaanga samaki wasikutie wasiwasi. Cha kutisha ni kufunga madirisha usiku, kisha asubuhi ukakuta nzi kumi wameng'ang'ania kioo. Nzi hufuata mwanga, na hao wamezaliwa ndani au wametokea tundu fulani la jengo. Kagua pia waya wa balbu na dari: vidoa vyeusi vya kinyesi vikisongamana hapo, ndipo wanapolala. Kisha vuta pipa la taka na uangalie chini yake na kwenye pembe za sakafu. Ukikuta vijipunje vya kahawia, virefu kama punje ya mchele lakini vinene zaidi, hizo ni pupa, yaani funza waliojifunga ndani ya ganda ili wageuke nzi. Chukua kimoja ukitazame. Kikiwa chepesi na ncha yake moja imefunguka kama kifuniko, nzi ameshatoka. Kikiwa kizima na kina uzito, bado yumo.

Nzi wa kawaida wa nyumbani ni wa kijivu, ana mistari minne myeusi mgongoni. Jike hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mkupuo mmoja kwenye kitu kibichi kinachooza. Penye joto, mayai huanguliwa ndani ya siku moja, funza hula siku tano hivi, kisha wanakuwa pupa. Kutoka yai hadi nzi anayeruka ni siku kumi hivi, wakati mwingine pungufu. Baridi ya Julai huwachelewesha, ingawa lundo la taka zinazooza lina joto lake lenyewe.

Sasa linganisha hesabu hiyo na gari la taka. Katika ploti nyingi za mitaa ya Nairobi kama Umoja, Pipeline au Roysambu, taka huchukuliwa mara moja kwa wiki. Maganda uliyotupa Jumamosi yakitagiwa siku hiyohiyo, kufikia Ijumaa funza wameshiba, na funza aliyeshiba huondoka kwenye unyevu na kutafuta pakavu pa kugeukia pupa. Kwa hiyo gari linachukua taka, funza wanabaki chini ya pipa lako. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba nyumba ni safi na nzi hawaishi.

Dawa yake ni kutenga taka mbichi na kavu. Maganda, mabaki ya ugali na matumbo ya samaki yachuje maji, yafunge kwenye gazeti, na yatoke nyumbani kila baada ya siku mbili hata kama gari halijafika. Yakae nje kwenye pipa lenye kifuniko kinachobana. Nepi ikunjwe na kufungwa vizuri. Pipa la jikoni lioshwe kwa maji moto na sabuni kila linapomwagwa. Usisahau kusugua ile kingo iliyokunjwa juu na yale maji meusi yanayokaa chini ya mfuko, kwani tope la namna hiyo tu linatosha kulea funza wengi. Lianike kichwa chini hadi likauke. Jirani akifuga kuku kwenye roshani, mwombe azoe mbolea mara mbili kwa wiki na amwage maranda ili pakae pakavu.

Nzi wakubwa wa kijani au buluu wanaong'aa ni habari nyingine. Wakitokea ghafla kwa wingi katika chumba kimoja, kuna mzoga karibu, na mara nyingi ni panya aliyekula sumu akafia darini. Sumu nyingi za panya huchukua siku kadhaa kuua, kwa hiyo hachagui pa kufia. Funza wanaweza hata kudondoka kupitia tundu la balbu. Fuata harufu, tafuta doa la unyevu kwenye silingibodi, panda na tochi na glavu. Mzoga uingie kwenye mifuko miwili, na pale ulipolala pafutwe kwa jiki sehemu moja kwa maji sehemu tisa. Pasipofikika, ziba matundu yote ya dari kwa selotepu nzito na uwaue nzi dirishani hadi mzoga ukauke, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Darini ni heri mtego kuliko sumu.

Wale wadogo wenye manyoya, mabawa kama paa la nyumba, wanaokaa tuli kwenye vigae vya bafu, hutoka kwenye mifereji ya maji machafu. Hakikisha: kausha ukingo wa tundu la kutolea maji, bandika selotepu upande wa gundi ukiangalia chini, acha nafasi ndogo ya hewa, na uache usiku kucha, siku tatu hadi nne. Wakinasa, umepata. Watu humwaga jiki hapo na kushangaa kwamba haikusaidia. Jiki hupita haraka, na funza wamejificha ndani ya ute ulioshikamana na bomba. Ute huo ni lazima usuguliwe. Fungua kichujio, ondoa nywele, sugua ndani kwa brashi ya chupa yenye mpini mrefu, kisha suuza kwa maji moto yenye sabuni ya unga. Yasiwe yanayochemka, maana mabomba ya plastiki hulegea. Rudia kila siku kwa wiki mbili. Na usichanganye jiki na asidi ya kuzibua mabomba wala siki: hutoa gesi ya sumu.

Mgao wa maji unaleta shida yake. Tundu la bafuni lisilotumika hukauka ile kona yake inayoshika maji, na nzi na harufu hupanda moja kwa moja. Mwaga kikombe cha maji kila wiki, na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili yasikauke upesi. Ukiona vinzi vyenye kibyongo vinavyokimbia badala ya kuruka, mwite keateka, yaani msimamizi wa jengo, na fundi wa bomba. Huenda bomba la maji machafu limepasuka chini ya sakafu.

Vinzi vya matunda ni rahisi. Tafuta kitunguu kilichooza chini ya kikapu au chupa isiyosuuzwa, kisha weka siki na tone la sabuni kwenye glasi.

Dawa ya kupuliza, iwe ya pareto au ya kemikali zinazoiga pareto, ije mwisho. Funika chakula kwa kawa, puliza, toka dakika kumi na tano au muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha wafagie na kuwatupa mara moja, kwani wengine huzirai tu na kuamka baadaye.

Baada ya usafi, pupa zilizobaki zitaendelea kutoa nzi kwa wiki moja hivi. Wahesabu dirishani kila asubuhi. Wasipopungua kufikia siku ya kumi na nne, vuta friji na uangalie ile trei ya maji iliyo nyuma, chini.